Helmeti ya Rubani Kichwani mwa Mbarak

"Mimi siuzi kitu ambacho mwili wangu haujakijaribu!" Mbarak alitangaza hayo kwenye harusi ya watu, kipaza sauti mkononi, bwana harusi akingoja zamu yake.

Alikuwa mtu wa neno lake. Katika duka lake la vitu vya kale, Mtaa wa Biashara, alilalia kila kitanda na kunywea kila birika. Kiti cha daktari wa meno alikikalia wiki nzima, wateja wakadhani anangoja kung'olewa.

Mwaka 1988, kwenye mnada kule Lavington, akanunua helmeti kuukuu ya marubani wanaoruka juu kabisa, kule hewa inakokwisha: kioo usoni, mpira wa kubana shingo, tundu la bomba la hewa. Tundu akaliziba kwa nta, mende wasihamie. Bwana Kailash, mkusanyaji wa vitu vya ndege, akaahidi elfu arobaini, mradi kioo kiwe kizima. Angefika saa nne asubuhi.

Saa nne kasorobo Mbarak akaijaribu. Kioo kikashuka, komeo likalia ka! Likagoma kufunguka.

Sisi majirani tulicheka kwanza. "Mzee anaenda mwezini!" Kisha kioo kikaingia ukungu, tukakumbuka ile nta. Tukaichokonoa, ilikuwa imekauka kama jiwe. Tukaivuta helmeti yenyewe, mpira ukang'ang'ania shingo. Gurmeet, fundi saa wa mlango wa pili, akaja mbio na bisibisi zake ndogo. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikapinda.

"Tuvunje kioo, mzee?"

Mbarak akatikisa kidole: hapana. Akainua vinne: elfu arobaini. Ukungu ukameza macho yake. Akaketi sakafuni. Kidole kikaendelea kukataa, polepole, halafu kikatulia.

Mkewe, Waridi, akaokota mchi wa shaba rafuni. "Gurmeet, sogea."

"Bi Waridi, atakasirika!"

"Na akasirike. Maiti hakasiriki."

Pigo la kwanza, ufa. La pili, Mbarak akavuta hewa kwa sauti ya mlango usiojua mafuta.

"Umekivunja?" Ndilo neno lake la kwanza hilo, damu ikimtoka puani.

"Na pua kidogo. Pole, baba."

Kailash alifika saa nne kamili. Akavitazama vile vipande, akavipa pole vipande, akaenda zake.

Helmeti iko dirishani hadi leo. Haina kioo. Shilingi mia nne.