Mkono wa Thirza Endacott

Kichaka kilikuwa kimeshakunja kioo cha kushoto cha gari langu, nami nilikuwa nakata kona nikikitafuta kijiji cha Yarncott, ndipo mbele yangu yakatokea makalio ya farasi. Yalikuwa ya kijivu, mapana, na yalijaza njia yote kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikanyaga breki, changarawe zikaruka.

Mwanamke aliyekuwa juu ya farasi hakugeuka. Aliinua mkono wa kulia, kiganja kikitazama chini, akaushusha na kuupandisha polepole kama anayetuliza moto wa jiko. Sikuielewa ishara. Niliachia breki kidogo, gari likasogea.

"We bwana!" Sasa aligeuka. Alikuwa mtu mzima, uso mwekundu chini ya helmeti, na kizibao cha reflekta juu ya sweta lililotoboka. "Huyu si ng'ombe wa kusukumwa!"

"Samahani, mama."

"Samahani haina breki. Zima redio."

Nikazima redio.

"Nikifika pale getini nitamweka pembeni. Wewe pita kwa mwendo wa kinyonga. Usipige honi, na ukishapita usikanyage mafuta kama mtu aliyetoka jela. Umesikia?"

"Nimesikia. Natafuta nyumba ya Bi Endacott. Nimekodi chumba cha juu ya banda."

Alinitazama kwa muda, na farasi akanitazama vilevile.

"Endacott ni mimi," alisema. "Na umeanza vibaya."

Nilipopita pale getini nilijikunyata nyuma ya usukani. Nilipoangalia kwenye kioo, yule mwanamke alikuwa ameuinua mkono, sawasawa na bega, akinishukuru. Alikuwa amenitukana muda mfupi uliopita, na bado shukrani yangu niliipata.

Barabara za upande huo wa Devon, Uingereza, zimezama katikati ya kingo ndefu za mawe na udongo, na juu ya kingo wameacha miti ikaota. Magari mawili hayapishani. Watu huishi kwa mageti ya mashamba, ambayo mbele yake kuna mfuko wa kujibanzia gari. Aliye karibu na geti ndiye anayerudi rivasi. Mwenye trela harudi nyuma. Wakikutana wenye trela wawili, mwenye mzigo wenye roho ndiye anayepita. Ukikutana na farasi unasimama na kuzima injini. Kisha aliyepishwa, awe nani, anainua mkono. Mkono usipoinuliwa, habari hufika dukani kabla ya mkate.

Dukani ndiko nilikopewa habari za mwenye nyumba wangu. Muuzaji, Bi Loveday, alimwita kila mteja kipenzi, hata aliowachukia.

"Kipenzi, kaa kwa Thirza kwa amani," aliniambia. "Ila usitegemee jirani yake Hannaford akupishe. Hao wawili hawajasemezana tangu farasi yule akiwa mwanafarasi."

Thirza Endacott alikuwa amezeeka na gari la posta. Kwa muda mwingi wa maisha yake aligawa barua katika barabara hizo hizo, na waliozipata barua waliniambia kwamba alikuwa anapita kama risasi, mkono mmoja kwenye usukani na sandwichi katika mkono mwingine. Alipostaafu alimnunua Damson, jike mnene wa miguu yenye manyoya, akamfundisha mwenyewe. Kuanzia hapo akawa adui wa mwendo kasi, kama wanavyokuwa walevi walioacha. Kila asubuhi alimpandisha Damson hadi kwenye nyika ya juu ambako alikuwa na haki ya malisho, na jioni akamrudisha. Kati ya banda na nyika kulikuwa na barabara hiyo moja tu. Zamani palikuwa na njia ya mkato kupitia shamba la Clem Hannaford, lakini Hannaford alikuwa ameifunga kwa seng'enge. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye barabara. Siku Damson atakapoikataa barabara, Damson hatakuwa na pa kulishwa. Na Thirza alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mahali pasipo na Damson yeye haishi.

Hannaford mwenyewe nilikutana naye akifunga geti lake. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia.

"Wewe ndiye mpangaji wa malkia wa barabara?"

"Ndimi."

"Amekufundisha kuinua mkono?"

"Amenifundisha."

"Basi muulize mbona yeye hakujua kuuinua siku ya majani."

Nilimuuliza Thirza jioni hiyo, tukiwa tunakula mkate na jibini jikoni kwake. Alikata kipande kikubwa kuliko alichokusudia.

"Amekusimulia kwamba mvua ilikuwa inakuja?"

"Hajasimulia kitu."

"Mvua ilikuwa inakuja. Alikuwa na trela la majani makavu, juu wazi. Damson alikuwa mdogo, anaogopa hata ndoo. Clem akasimama, akazima injini, akangoja. Nikampitisha. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye hatamu, ningeachia mmoja tu tungekuwa wote chini ya trela. Nikamtikisia kichwa."

"Na yeye?"

"Majani yakalowa. Akapita kijiji kizima akisema sikumshukuru. Nikamwambia nilitikisa kichwa. Akasema kichwa hutikisiwa mbwa."

"Basi mngeyamaliza hapo."

"Wiki ile ile akafunga njia ya shambani. Yamalizwe vipi?"

Tangu hapo Hannaford alisimamia sheria kwa kipimo cha chuki: kwa Thirza alipunguza mwendo kiasi cha kutoshtakiwa, si kiasi cha kuwa mwema. Trekta lake liliposikika, Thirza alimsukuma Damson ndani ya geti la karibu na kumgeuza uso umwelekee adui. Trekta lilipita na ukelele wake. Hannaford alitazama mbele. Thirza alitazama mbele. Mkono wa mtu haukuinuka. Farasi peke yake ndiye aliyegeuza kichwa kufuata.

Mwezi wa Agosti, wageni wanapojaa, nilikuwa natangulia kwa miguu kumfungulia Thirza geti la nyika. Asubuhi moja gari jipya jeupe lilikuwa linashuka. Dereva, kijana wa mjini aliyevaa miwani ya jua, alimwona farasi, akajibanza kwenye mfuko wa geti, akazima injini bila kuambiwa. Hata kioo alikipandisha ili muziki usitoke. Wakati huo huo trekta la Hannaford lilikuja kutoka nyuma yetu, likakuta njia imezibwa, likasimama likinguruma.

Damson hakulipenda lile gari jeupe. Alipiga hatua za pembeni, masikio yakicheza. Thirza alimsemesha, akampitisha hatua kwa hatua, na mguu wa nyuma wa farasi ulipokuwa usawa na taa za gari, akafanya alichofanya kwa kila dereva, ila Hannaford, tangu alipoanza kupanda farasi. Aliachia hatamu upande wa kulia, akainua mkono juu kabisa.

"Asante sana!" alisema kwa sauti. "Ubarikiwe!"

Hannaford akapiga honi.

Haikuwa ndefu. Lakini Damson aliruka kama aliyechomwa, na upande wa kulia hapakuwa na mkono wa kumshika. Thirza alitoka juu ya tandiko akaangukia ukingo wa mawe, kisha kwenye upupu. Farasi alipanda barabara mbio, akateleza kwenye lami, akapiga magoti, akainuka, akasimama mbali akitetemeka na magoti yakimwaga damu.

Nilimkimbilia Thirza. Hannaford naye alikuwa ameshashuka.

"Nimepiga kidogo tu," alisema. "Kidogo tu!"

"Mkamate farasi," Thirza aliniambia. Uso wake ulikuwa mweupe, na bega moja lilikuwa limeshuka chini kuliko jingine. "Usimwache huyu amguse."

"Thirza, tulia, usijitingishe," alisema Hannaford.

"Usinitaje jina!"

Ndipo Hannaford naye akalipuka, amesimama juu ya mwanamke aliyevunjika, mikono ikitapatapa.

"Huyo wa miwani! Hata hujui ametoka wapi! Kesho hayupo! Unamwinulia mkono mpaka mawinguni, unambariki, kama askofu!"

"Alisimama."

"Na mimi nilisimama! Majani yangu yakaoza, nilisimama!"

"Ulisimama mara moja, Clem. Kisha ukanidai maisha yangu yote."

Yule kijana wa gari jeupe alikuwa ameteremsha kioo. Aliuliza kama kuna anachoweza kusaidia. Wote wawili, kwa pamoja, walimwambia anyamaze.

Mtulinga wa Thirza, mfupa wa mbele ya bega, ulikuwa umevunjika, ukaunga. Magoti ya Damson yakapona, yakaacha makovu yasiyoota nywele. Lakini akili ya Damson haikurudi. Wiki nyingi niliendesha gari langu uani kwa Thirza, nikiwasha na kuzima, huku yeye akimlisha karoti kwa mkono uliotoka kwenye kombeo la kitambaa. Uani alivumilia. Tulipomtoa hadi barabarani, trekta likisikika hata bonde la pili, alirudi kinyumenyume mpaka makalio yakagusa mawe, jasho likimtoka kifuani. Thirza alijaribu kumpanda mara kadhaa, akashuka kila mara na kumrudisha bandani kwa miguu.

Kisha Bi Loveday wa dukani akanipa ujumbe.

"Kipenzi, mwambie Thirza kwamba Clem ameondoa seng'enge. Njia ya shambani iko wazi. Hata geti ametia mafuta."

Nilikwenda mwenyewe kuangalia. Ilikuwa kweli. Njia ilikuwa imefyekwa, inapanda moja kwa moja kutoka karibu na banda hadi nyikani, bila kukanyaga lami. Nilirudi mbio kama mtu aliyeokota dhahabu.

Thirza alikuwa anasugua hatamu kwa mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie aifunge tena," alisema, "isije ikaingiza upepo."

"Bi Thirza, Damson anaweza kubaki. Wewe unaweza kubaki. Si ndicho ulichotaka?"

"Nikipita shambani kwake, atakuwa amesimama pale getini kila asubuhi. Wewe humjui. Atasimama na kofia yake, ananipisha. Na kila asubuhi itabidi nimwinulie mkono." Aligusa bega lake. "Mfupa huu hauwezi."

"Huo ni ujinga."

"Ni ujinga. Lakini ni wangu, sijauazima kwa mtu."

Aliamua kuhamia kwa binamu yake pwani ya kaskazini, mwenye zizi lililo nyuma ya vilima vya mchanga, na njia ya kwenda ufukweni isiyoruhusu gari lolote. Nyumba ya Yarncott aliniachia hadi majira ya kuchipua. Kuhusu kuhama kwake kijiji kiligawanyika. Bi Loveday alisema Hannaford amemfukuza. Waliomwona Hannaford akifyeka ile njia walisema Thirza amejifukuza mwenyewe. Kila upande ulikataa kuwapisha wenzao barabarani kwa muda, na maziwa yalichelewa.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa na ukungu. Damson aliingia trelani bila ugomvi. Thirza alikaa nyuma ya usukani wa gari la kulivuta, akaniambia nitangulie kwa miguu kwenye kona za kushuka, nimwonyeshe kama kuna kinachokuja. Kwenye kona ya pili kilikuwa kinakuja. Trekta la Hannaford lilikuwa linapanda, na nyuma yake trela limejaa shehena ya vidonge vya kulishia mifugo hadi ukingoni.

Nilinyoosha mikono yote miwili. Injini mbili zikanguruma zikitazamana. Kurudisha trela lenye mzigo, kinyumenyume, kwenye mteremko wenye kona, ni kazi ambayo hata wenyeji huwaachia wengine. Hannaford alitazama trela la Thirza. Masikio ya Damson yalionekana kwenye dirisha la mbele la trela. Mzigo wenye roho.

Akaweka rivasi.

Alirudi taratibu, shingo imegeuka, trela likitii kila alichokifanya, kona ya kwanza, kona ya pili, mpaka geti la chini. Aliingia ndani ya mfuko wa geti hadi matairi yakapanda ukingo. Akazima injini. Bonde likawa kimya kiasi kwamba nilisikia Damson akitafuna. Kisha Hannaford akavua kofia, akaiweka kwenye goti.

Thirza alishuka kwa mwendo wa kinyonga. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nikamwona akipita. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, vidole vimekaza. Macho mbele. Kichwa hakikutikisika. Trela likapita usawa wa trekta, farasi hakushtuka, na mwisho wa barabara taa nyekundu zikawaka mara moja, zikakata kulia, zikapotea kwenye ukungu.

Hannaford aliendelea kukaa injini ikiwa imezimwa.

"Uliona?" aliniuliza.

"Niliona."

"Mikono yote miwili."

"Yote miwili."

Alirudisha kofia kichwani, akaivuta chini hadi kwenye nyusi.

"Shetani wa mwanamke," alisema. "Sogea pembeni, nipite."

Nilijibanza kwenye mawe. Trekta lilipanda likinguruma, vidonge vya malisho vikadondoka barabarani, na Hannaford alipopita hakunitazama wala hakuinua mkono. Nikapanda nyuma yake kwa miguu, kurudi kwenye nyumba yenye banda tupu.