Karata Nane Zilizopigwa Laminesheni

Shule niliishia darasa la nne, na silisemi hilo kwa aibu. Fika Tunduma leo uulize nani alikuwa wa kwanza kufungua belo la mitumba ya makoti ya baridi upande ule wa soko, watakuelekeza kwangu. Nilianza na soksi za watoto nikizitembeza begani. Leo nina fremu tatu za duka na nyumba ya bati la rangi, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo ninaposema kuna jambo moja nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa na miaka kumi na minne, ujue nimelifikiria sana kabla ya kuliandika.

Ni binti yangu. Mama yake alifariki mtoto hajaanza kutembea. Mimi nilikuwa kijana wa barabarani, leo Mbeya, kesho upande wa Zambia, nikamwacha kwa bibi yake, mzaa mama, kule Isansa, Mbozi. Lakini sikumtupa. Kila gari la mizigo lililoelekea Mbozi lilikuwa na kifurushi changu: gauni la gredi ya kwanza, sweta, viatu, sukari ya bibi. Hakukuwa na mtoto Isansa aliyevaa kama wangu, na mimi nilijiona baba.

Bibi alipofariki, mtoto alikuwa kidato cha kwanza. Nikakaa na mjomba wake, kaka wa marehemu mke wangu, tukakubaliana: aje kwangu Tunduma, asome hapa mpaka shule zifungwe Desemba. Wakati huo atasema mwenyewe anataka kuishi wapi. Nilikubali haraka. Niliamini hakuna mtoto atakayeikataa nyumba yangu.

Alikuja na begi moja na sufuria ya bibi yake. Kila asubuhi aliniambia shikamoo, nami nikaitikia marahaba, na hapo mazungumzo yetu yakaisha mpaka kesho. Hakuniita jina lolote. Si baba, si mzee. Akitaka hela ya daftari alikuja kusimama mahali nitakapomwona, akangoja nimuulize. Mimi nina sauti inayosikika mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lakini ndani ya nyumba yangu nilikosa mtu wa kuongea naye.

Mwezi Septemba nilifungua belo la vitu mchanganyiko, midoli na mabegi ya shule, nikakuta bati la biskuti limejaa karata. Si karata hizi za shupaza na kopa. Hizi zilikuwa na picha za madubwana: majoka, simba wenye pembe, ndege wa moto, na maandishi ya Kiingereza chini yake. Nilikuwa nazirusha kwenye takataka. Binti yangu, ambaye Jumamosi alikuwa akinisaidia kukunja nguo, akanyoosha mkono.

"Naomba hizo."

Nikamwangalia. Miezi miwili, na hilo ndilo lilikuwa ombi lake la kwanza. Kama angeomba fremu moja kati ya zile tatu ningempa.

Ndani ya bati kulikuwa na kijitabu cha masharti. Akakaa nacho na kamusi ya shule wiki nzima, na alipomaliza akaniwekea karata mezani bila kuniuliza kama nataka kucheza. Nikakaa. Ilikuwa hivi: kila mchezaji anajitengenezea fungu la karata arobaini, anazozichagua yeye. Nyingine ni za madubwana, nyingine ni za chakula. Kila zamu unaruhusiwa kuweka chakula kimoja tu mezani. Dubwana lina namba pembeni, na hiyo ndiyo idadi ya vyakula linavyodai kabla halijatoka kupigana. Tulihesabu uhai kwa punje za kahawa alizotoka nazo Isansa, ishirini kwake, ishirini kwangu. Anayemaliza punje za mwenzake ameshinda.

Basi mimi nikachagua kama mfanyabiashara. Kwenye lile bati nikatoa kila joka lenye namba kubwa na kila lililokuwa likimetameta. Aliziangalia zote zimepangwa, akasema taratibu, "Hawa wanakula sana." Nikamjibu kwamba duka kubwa linajulikana kwa mali kubwa. Yeye akaokota masalia. Akanifunga. Kesho yake akanifunga tena. Jioni kumi na moja mfululizo, baada ya kufunga fremu, nimeshika majoka ya kutisha mkononi na mezani sina chakula cha kuwalisha, huku vijipanya vyake na vyura vinakula punje zangu moja moja. Nikasema ni bahati mbaya. Hakubisha. Alicheka kidogo, akageuza uso ili nisione, nami niliona.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa Nakonde aliyekuwa akivuka kununua mashati, alizikuta karata kwenye kaunta akashangaa. Kumbe yeye na wanafunzi wake, pamoja na vijana wawili watatu wa uwakala wa forodha, walikuwa wakiucheza mchezo huo huo kila Jumamosi darasani kwake. Jumamosi ya mwisho ya Novemba walikuwa na mashindano. "Mleteni mtoto, mukwai," akasema kwa heshima ya Kibemba. Binti yangu alikuwa nyuma ya rundo la suruali. Akasimama wima kama ameitwa na mkuu wa shule.

Kuanzia hapo tukawa na kazi. Nakwambia nimefanya kazi nyingi, lakini ile ilikuwa kazi. Tulitengeneza fungu moja la wawili, atakalolicheza yeye. Majoka yangu tuliyapunguza mpaka yakabaki nane, yale ambayo hata yeye alikubali kwamba yakitoka mezani mchezo umekwisha. Chakula tukaweka kumi na tano, tukacheza mara tatu, kikazidi. Tukaweka kumi na tatu, kikapungua. Kila tulichotoa na kila tulichoingiza alikiandika kwenye daftari: chura ametoka, popo ameingia, angalia kesho. Jumamosi alivuka kwenda kubadilishana na wanafunzi wa mwalimu. Siku moja akarudi ametoa karata tatu za kumetameta akaleta moja iliyopauka, ina picha ya mchwa. Nikamwambia amepigwa. Akanieleza, polepole kama unavyomweleza mtoto, kwamba mchwa akifa anakuachia chakula kimoja mezani. Nikanyamaza. Mtu aliyenisikia nikinyamaza sokoni hayupo.

Wiki moja kabla ya mashindano nikataka kumfurahisha. Zile karata nane za majoka zilikuwa zimeanza kuchakaa pembeni kwa kuchangwa. Mimi kitu cha thamani najua kukitunza: cheti cha kuzaliwa, leseni, picha ya marehemu mke wangu, vyote nimevipiga laminesheni. Binti alipokwenda shule, nikazibeba karata nane mpaka steshenari, nikasimama pale mpaka zikatoka kwenye mashine, ngumu, zinang'aa, maji hayaingii. Nikazirudisha ndani ya fungu na kumngoja aje aone.

Alizichukua. Akalichanga fungu, akaliweka mezani kifudifudi, akafumba macho na kupitisha kidole gumba pembeni.

"Hili ni joka jeusi au jekundu, lakini ni joka," akasema, akachomoa. Lilikuwa joka. Akapitisha tena kidole, akachomoa la pili. Akayatoa yote nane hivyo hivyo, macho yamefumbwa.

"Kila mtu atajua yalipo," akasema. "Wataniita mwizi."

Nikasema tuzipige zote arobaini. Hapana, akasema, sharti la mwalimu ni karata ziwe kama zilivyotoka kiwandani. Nikasema nitaichana ile plastiki. Nikachukua wembe, nikajaribu moja kwa uangalifu wote nilionao. Picha ya joka ilibaki kwenye plastiki na karatasi tupu mkononi mwangu. Akapitia jikoni, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilikuta ile sufuria ya bibi yake haipo jikoni. Alikuwa ameirudisha kwenye begi lake.

Nilikaa pale na lile joka lililochunika. Hapo nikaelewa nilichokuwa nimefanya miaka yote ya vifurushi. Nilichagua mali nzuri, nikaifunga vizuri, nikaituma, na sikumuuliza mtu.

Nikaenda mlangoni kwake. Sikugonga. Nikakaa chini, mgongo ukutani, nikamsimulia juu ya lile belo la makoti, ambalo mji mzima unajua nililifungua mimi wa kwanza. Ila nikamsimulia yote. Kwamba nililinunua mwezi wa Oktoba, jua linachoma, kwa sababu makoti yalikuwa makubwa na nilitaka watu wanione. Kwamba hakuna aliyenunua hata moja mpaka baridi ya Juni. Kwamba miezi yote hiyo niliishi kwa soksi za watoto na vitambaa vya kichwa, vitu vidogo ambavyo mtu ananunua akipita, na vilivyonilisha ni hivyo, wala si makoti.

"Na ndiyo miezi ambayo sikuja Isansa wala sikutuma kifurushi," nikamaliza. "Niliona aibu kuja mikono mitupu."

Halafu kutoka ndani akauliza, "Bibi alikuwa anajua?"

"Hapana."

"Alikuwa anasema unakuja wiki ijayo. Kila wiki."

Mlango ukafunguka. Alikuwa ameshika daftari. Akakaa sakafuni mbele yangu, akasema kama mtu anayeanza hesabu upya, "Soksi. Tutengeneze fungu la soksi."

Ndivyo tulivyotengeneza. Fungu lisilo na hata joka moja. Wadudu, panya, vyura, popo, wote wa chakula kimoja au viwili, mchwa watatu, na chakula kumi na moja tu kwa sababu hakuna wa kushiba sana. Mimi nilikaa upande wa majoka ili ajifunze kunipiga. Tulipocheza alikuwa akiniuliza: je, kwenye soksi mtu akiwa na nyingi za rangi moja inakuwaje? Nikamwambia ukiwa nazo nyingi za aina moja mteja anakujua kwa hizo. Akaongeza mchwa wa nne.

Nakonde tulivuka kwa miguu. Darasani kulikuwa na wachezaji kumi na sita, wengine na karata kwenye visanduku vya ngozi. Raundi ya kwanza nilisimama nyuma ya binti yangu nikimweleza kila kitu cha kufanya, mpaka mwalimu akaja akanishika bega. "Baba wa mtoto, mukwai, nakuomba ukae nje." Watu wakacheka. Nikatoka, nikasimama dirishani. Kioo kilikuwa na vumbi, nikakifuta kwa mkono wa shati.

Alishinda ya kwanza. Alishinda ya pili. Ya tatu alipangwa na kijana wa uwakala wa forodha, kijana ambaye fungu lake lilikuwa zito kama mimi ninavyopenda. Niliona punje za yule kijana zinapungua mpaka zikabaki tatu. Halafu joka lake likatoka. Binti yangu aliweka mchwa mbele, wakafa, akaweka wengine. Alizishika punje zake za mwisho kwenye kiganja kwa muda kabla ya kuzisukuma mbele, amefungwa. Akamwinamia yule kijana, akamshukuru, akakusanya karata zake moja moja bila kukunja hata pembe.

Nilijiandaa kwa maneno ya kumfariji. Sikupata nafasi ya kuyasema. Kuanzia kwenye mlango wa darasa mpaka mpakani, kupita katikati ya foleni ya malori, alinisimulia mchezo wote. Kwamba alikosea zamu ya sita. Kwamba angemshika popo mkononi zamu moja zaidi. Kwamba chakula kiwe kumi na mbili. Alikuwa akinivuta mkono wa shati kila nilipoangalia pembeni. Mimi, mtu wa maneno, nilisema "ehe" tu njia nzima.

Shule zikafungwa. Mjomba wake akaja kama tulivyokubaliana, akanywa chai, akasema, "Shemeji, tulisema aamue mwenyewe." Nikasema ndiyo. Begi lake lilikuwa mlangoni tayari, limefungwa. Mikono yangu nikaiweka chini ya meza.

Alisema anakwenda Isansa kupanda mahindi kwenye shamba la bibi. Akamgeukia mjomba wake akamwomba amtangulie kwenye gari. Tulipobaki wawili akatoa lile fungu la soksi, akaligawa katikati bila kuhesabu, kama alivyozoea kuligawa anapolichanga. Nusu akaiweka kwenye begi. Nusu akaiweka mezani mbele yangu, na juu yake daftari.

"Nusu haichezeki," akasema.

"Najua."

"Shule inafunguliwa Januari. Sufuria nimeiacha jikoni, usiiunguze." Akavaa begi mgongoni. Mlangoni akasimama, na nilidhani amesahau kitu. "Na baba, ukizipeleka hizo steshenari, sirudi."

Leo yule mtoto ana duka lake Mbeya na ananibana bei kwenye mali kuliko mtu yeyote. Majoka saba yaliyobaki na lile lililochunika ninayo kwenye droo ya kaunta. Wateja wakiuliza ni nini, nawaambia kwamba hizo ndizo karata zilizowahi kuniangusha, na kwamba nilizitunza mwenyewe.