Namba Aliyonitumia Kaka

Tangu Mama afariki, nyumba yetu ya mtaa wa Jericho nimebaki nayo peke yangu. Tumezaliwa wawili tu, na kaka yangu analinda ghala huko Ghuba. Mimi ni fundi wa nguo sokoni. Siku za kazi sina shida, kuna kelele za vyerehani na wateja wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa. Shida ni Jumapili. Nikitoka kanisani nikavua viatu, huwa sina wa kumwambia hata kwamba mahubiri yalikuwa marefu.

Kaka alilijua hilo. Siku moja akanipigia.

"Siz, cheki simu. Nimekutumia namba ya gemu. Iweke kwa ile kompyuta niliacha, tucheze na wewe."

"Mtu mzima kama mimi nicheze gemu?"

"Wewe weka tu, wacha maneno."

Nikaiweka. Ilikuwa gemu ya kujenga kijiji, na kila mchezaji alihitaji namba yake ya kuifungulia. Kaka alikuwa amenunua mbili kwenye soko la mtandaoni, kwa bei ya kutupa. Basi kila Jumapili alasiri, kabla hajaenda zamu ya usiku, tulikutana humo. Tuliijenga nyumba ya Mama jinsi ilivyokuwa: veranda, mlango wa kijani, jiko lenye sufuria ukutani. Tulibishana kuhusu dirisha la choo mpaka nikamkatia simu. Nilikuwa na furaha, sitaki kuficha.

Jumapili moja gemu ikakataa kufunguka. Yalitokea maandishi tu: namba hii iliibwa, imefutwa. Uso ulinichoma kana kwamba nimesimamishwa katikati ya soko na mkoba wangu unapekuliwa.

Hasira zangu ziko karibu, kila mtu pale sokoni anajua. Niliwaandikia wale wa mtandaoni. Wakanijibu kwamba wao ni soko tu, nimuulize muuzaji. Muuzaji naye alikuwa ameshatoweka. Sasa hilo ni soko gani? Kwetu ukiuza kitambaa cha wizi, wenye vibanda jirani ndio wa kwanza kukufukuza, kwa sababu wanajua doa litawapata na wao.

Nikamwandikia mwenye gemu pia, kwa maneno makali. Alinijibu mwenyewe, mwanamke anayeitengeneza gemu hiyo nyumbani kwake bila hata msaidizi. Alieleza kwamba mtu alitumia kadi ya benki ya wizi kununua namba nyingi kwake, kisha akaziuza rahisi kwingine. Mwenye kadi alipolalamika, benki ilizichukua fedha zote kutoka kwa mwanamke huyo na kumtoza faini juu yake. Ndipo akazifuta zile namba. Kijiji chenu bado kipo, aliandika, lakini siwezi kuwafungulia, wizi huu nimeulipia mimi.

Niliona haya. Nami nimewahi kushona suti usiku na mchana, mwenyewe akaivaa na kupotea nayo bila kunilipa.

Nilimpigia kaka nikamsimulia yote.

"Kwa hivyo nilikupea kitu ya wizi."

"Lakini hukujua."

"Hata ile sufuria sikujua," akasema.

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mtaani kwetu, kukiwa na matanga, kila nyumba hutoa sufuria za kupikia waombolezaji. Mazishi yakiisha, akina mama huzipindua zote pale nje, na kila mmoja huchukua zake kwa alama iliyo chini. Alama ya Mama ilikuwa nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Kaka akiwa kijana alitumwa kuzichukua zetu, akaleta na moja yenye msalaba wa buluu. Hakuwa ameangalia chini. Mama alimtwika sufuria hiyo kichwani, kaka akaivusha mtaa mzima watu wote wakiwa nje, na mlangoni kwa wenyewe akaambiwa aseme kwa sauti kwamba alichukua kisicho chake. Vijana walimwita mwizi mpaka akahama. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Baada ya simu hiyo hakunipigia tena. Nikimpigia hashiki. Nikimwandikia ananijibu "niko poa", basi. Yule aliyeiba kadi nadhani alilala vizuri, na wale wa soko lao pia, ila kaka yangu aliyelipa kwa jasho lake ndiye aliyeubeba wizi wote kichwani. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nilinunua namba mbili mpya, kwa yule mwanamke mwenyewe, huko mtandaoni. Moja nikamtumia kaka, na maneno haya: "Hii nimeiangalia chini."

Nikawa naingia kijijini peke yangu. Nyumba ilikuwepo vilevile. Nilikaa pale veranda ya kwenye kioo cha kompyuta kama ninavyokaa ya kweli, nikiwa nimeshika kikombe cha chai, bila kujenga chochote.

Jumapili iliyopita niliingia nikaona taa ya jikoni inawaka. Mimi huwa siiwashi. Sufuria hazikuwa ukutani. Zilikuwa zimepangwa nje, zimepinduliwa, na kila moja imepakwa nukta nyekundu chini. Gemu huonyesha mwenzako alikuwa ndani lini. Kaka alikuwa ameingia asubuhi, saa anayopaswa kuwa amelala baada ya zamu, saa ambayo tangu utotoni anajua niko kwenye kwaya.

Nilizihesabu sufuria hizo huku nikilia, kisha nikazirudisha moja moja ukutani. Jumapili ijayo siendi kanisani. Mwalimu wa kwaya ataniuliza, na nitamwambia nina mgeni nyumbani.