Gaju Asimamisha Malori

Yonatani, mfugaji aliyetoka milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa na ng'ombe mmoja tu pale Rubondo, makazi ya wakimbizi upande wa Mbarara, lakini alimsifu utadhani ni zizi zima. Gaju hivi, Gaju vile. Majirani walishachoka.

Kilichomkosesha usingizi, hata hivyo, ni mjukuu wake. Tangu pikipiki ilipomparuza Cyiza bega akienda shuleni, Miriamu, mama yake, hakumruhusu kutoka tena. Wiki ya pili sasa.

“Baba, ile barabara haina heshima kwa batoto,” alimwambia mkwewe. “Hataenda mpaka nione na macho yangu kama gari zinasimama.”

Basi mzee akaenda kusimama barabarani, akainua mkono. Malori yaliyotoka Mbarara kufuata mahindi yakampita na kumwachia vumbi. Akainua fimbo. Dereva mmoja akampungia, akidhani anasalimiwa.

Siku ya tatu Gaju alikata kamba, akamfuata, akasimama katikati ya barabara akicheua. Lori likafunga breki. Pikipiki tatu zikasimama nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kupiga honi. Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. Hii si nchi ya Ankole, ya watu wa ng'ombe? Umgonge ng'ombe wa watu, utajificha wapi? Kwa mtoto hawakusimama, kwa ng'ombe wakasimama. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kuanzia hapo, kila saa moja na nusu asubuhi Gaju aliwekwa katikati ya barabara, na watoto wakavuka mbele ya pembe zake. Wasswa, dereva wa lori, alizoea kabisa kuteremka kumpapasa shingo.

Miriamu alipoelezwa hayo alitikisa kichwa. “Na siku ng'ombe hayuko?”

Siku hiyo ikaja. Gaju alizaa alfajiri, na asubuhi hiyohiyo Miriamu aliamua kuja kujionea, akiwa amemshika Cyiza mkono kwa nguvu. Mzee alifika barabarani peke yake, akakuta watoto arobaini wanamsubiri. Alitamani ardhi immeze.

Lori la Wasswa likatokea. Likapunguza mwendo, likasimama palepale lilipozoea. Pikipiki nazo zikasimama.

“Mzee, ng'ombe iko wapi leo?” Wasswa aliuliza kwa wasiwasi. “Iko mgonjwa?”

“Amezaa! Ndama jike!”

“Banange! Hongera sana, ssebo!”

Wasswa akazima injini, akashuka kumpa mkono. Alitaka kujua yote: rangi gani, amesimama saa ngapi, amenyonya? Nyuma yao watoto walikuwa wakivuka wawili wawili.

Miriamu aliuachia mkono wa Cyiza, akamsukuma kidogo mgongoni.

“Enda,” alisema. “Usikimbie.”

Yonatani aliendelea kueleza habari za ndama, akichanganya rangi na pembe, maana macho yake yalikuwa kwa Cyiza, ambaye alikuwa ameshafika upande wa pili.