Historia ya Mama Niliyoiandika Hatta

Mama alifariki siku ya Jumanne, na mimi nilikuwa ghorofa ya tisa nikipiga deki. Nilikuwa na miezi saba Dubai, nikifanya usafi katika jengo moja la Satwa. Dada yangu alinipigia, nikamsikiliza, nikaweka simu mfukoni, nikamalizia korido. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Jioni nikamwomba supavaiza ruhusa ya kwenda kuzika. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa huruma, akasema mkataba wangu haujatimiza mwaka, pasipoti iko kwa kafeel, mdhamini wangu, khalas, basi. Mama akazikwa Alhamisi bila mimi.

Kwetu, nje kidogo ya Mwanza, mtu hazikwi kabla historia yake haijasomwa. Ndugu mmoja husimama kando ya jeneza na karatasi, akasema marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Ni karatasi moja tu, lakini watu wote hunyamaza kuisikiliza, kwa sababu ndivyo mtu atakavyokumbukwa. Ya mama aliiandika baba mdogo, ambaye ni karani na anaheshimika. Dada aliipiga picha akanitumia kwa WhatsApp. Mstari wa kazi ulisema: marehemu alikuwa mkulima hodari.

Mama hakuwa na shamba. Mama alikuwa mponda kokoto. Tangu nizaliwe namkumbuka amekaa chini ya mwamba na nyundo, pamoja na wanawake wenzake, wakivunja mawe makubwa kuwa madogo ya kujengea. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha darasa la saba. Baba mdogo aliona aibu kuitaja mbele ya padri na wageni wake wa mjini. Ningependa kusema nilimkasirikia. Ukweli ni kwamba nilipumua, kwa sababu mimi mwenyewe pale Satwa nilikuwa nimeshawaambia watu kuwa mama ana duka la vitenge.

Wa kwanza kuambiwa hivyo alikuwa mlinzi wa jengo letu, Mkenya wa bara, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mtu wa maneno mengi. Ndiye aliyenieleza habari za Hatta, mji mdogo wa milimani mbali na jiji. Alisema kuna dada mmoja wa Uganda anayewakusanya Waafrika waliofiwa wakashindwa kwenda nyumbani. Wanashinda kule milimani siku nzima, wanakaa kimya, kisha wanawataja wafu wao. Mlinzi mwenyewe alikuwa amefiwa na kaka yake na alishakwenda mara mbili. Nikamwambia mimi si mtu wa kusema mbele za watu.

"Mbongo, kunyamaza si ndiyo kazi yako?" akasema. "Nusu ya siku ni kunyamaza. Utatushinda sisi wote."

Sharti la yule dada lilikuwa moja: kila mtu aje na historia ya marehemu wake, imeandikwa, kama inavyosomwa nyumbani. Nikainakili ile ya baba mdogo. Mkono wangu ni mzito, ilinichukua jioni tatu. Kwenye mstari wa kazi nikaongeza: na mfanyabiashara wa vitenge.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kutoka kituo cha metro cha Rashidiya, watu ishirini na wawili katika basi dogo. Walikuwemo walinzi, wasafishaji, watumishi wa hoteli, na akina dada wawili wa kazi za nyumbani ambao madamu wao walikuwa wamewaachia siku hiyo. Mlinzi wangu alinitambulisha kwa kila kiti. Alisema huyu ni mdogo wake, amempoteza mama mwenye duka kubwa la vitenge. Duka lilikuwa limeshakuwa kubwa. Nikageukia dirisha nikatazama mchanga mpaka milima ilipoanza.

Tulifikia nyumba ya shamba iliyokodiwa, yenye ukuta na geti, na mikeka imetandikwa kwenye kivuli cha kibaraza. Yule dada alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini. Alitutahadharisha kwamba Kiswahili chake ni cha kuokota, tumvumilie. Akaeleza kwamba katika hoteli anayofanyia kazi kuna ukumbi ambao Wazungu huja kutuliza moyo. Wanakaa sakafuni, wanafumba macho, wanafuata pumzi zao, na wengine hulia kwa ajili ya watu wao waliokufa.

"Mimi pale nabeba taulo," akasema. "Miaka mitatu nabeba taulo, na mimi pia nimezikiwa mtoto nikiwa huku. Nikasema, sisi wabeba taulo tutakaa lini?"

Tukakaa.

Alituambia tufumbe macho tufuate pumzi inavyoingia na kutoka. Hapo ndipo ilipoharibika. Karibu nusu yetu walikuwa walinzi, na mlinzi wa Dubai akikutwa amefumba macho kwenye kiti amepoteza kazi. Walifumba wakafumbua, wakafumba wakafumbua. Mara gari likapiga honi nje, mwenye nyumba analeta maji ya kunywa. Mlinzi wangu akaruka kutoka mkekani, akakimbia akafungua geti, akasimama wima na kusema, "Good morning, sir." Walinzi wengine watatu walikuwa wameshasimama nyuma yake.

Tulicheka mpaka machozi. Yule dada alicheka kuliko sote, halafu akabadilisha utaratibu. Asiyeweza kufumba macho aangalie chini, mahali pamoja, ahesabu pumzi.

Mimi niliangalia chini. Ua wote ulikuwa umemwagwa kokoto. Niliziangalia nikajua mara moja kuwa zimepondwa kwa mashine, maana zote zina pembe kali na zimelingana mno. Za mama zilikuwa na umbo jingine. Nilimwona anavyovisha jiwe pete ya mpira wa tairi ili lisiruke, anavyolipiga mara mbili, ya kwanza ya kulijaribu na ya pili ya kulivunja. Nilimwona anavyozigawa kwa jicho tu, hizi za zege, hizi za sakafu, na fundi hakuwahi kumrudishia hata ndoo moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile simu ya dada kumwona mama sawasawa. Na nilikuwa na karatasi mfukoni inayosema kwamba hakuwa huyo.

Waislamu walikwenda kuswali Ijumaa, waliporudi tukala wali, kisha historia zikaanza. Mama mmoja wa Kenya alisoma ya baba yake. Alisema alikuwa mlevi kwa miaka thelathini na fundi wa mapaa kwa miaka hiyo hiyo, na hakuwahi kuanguka kutoka kwenye paa, alianguka akiwa barabarani tu. Watu wakacheka, naye akacheka huku analia. Nikaona jinsi alivyosimama. Hakuwa amemficha baba yake mahali popote.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. Nikasoma alipozaliwa. Nikasoma alipobatizwa. Nikafika kwenye mstari wa kazi, nikakwama. Walidhani ni majonzi, wakaanza kuniambia pole. Nikasema si hivyo, karatasi hii si ya kweli.

"Ya kweli iko wapi?" yule dada wa Uganda akauliza.

"Sijaiandika."

"Andika. Tunakungoja."

Nikamwambia mimi huandika polepole sana, jua litazama.

"Mdogo wangu, nani hapa hajawahi kusubiri visa?" akasema. "Kaa uandike."

Nikageuza karatasi, nikaiweka juu ya goti. Watu ishirini na mmoja wakangoja. Niliandika neno, nikalifuta, nikaliandika tena. Hakuna aliyekohoa kunihimiza, hakuna aliyetoa simu. Nilipoinua kichwa mara moja niliona walinzi wamefumba macho, wote, kama watu waliolala salama. Sijui ilichukua muda gani. Kivuli cha kibaraza kilikuwa kimefika getini.

Nikasimama nikasoma. Nilisoma hivi:

"Marehemu alikuwa mponda kokoto. Alianza akiwa na mimba yangu na aliacha mwezi mmoja kabla ya kufa. Kidole chake cha shahada cha kushoto hakikuwa na kucha. Kokoto zake ziko kwenye sakafu ya shule niliyosoma, kwenye kisima cha zahanati, na kwenye msingi wa nyumba ya baba mdogo, alizompa bure alipokuwa anajenga. Waliokaa matanga ya marehemu katika nyumba hiyo walikaa juu ya kazi ya mikono yake. Ameacha watoto wawili."

Kisha nikasema, na hii haikuwa kwenye karatasi, kwamba sikuwahi kuona duka la vitenge maishani mwangu isipokuwa kwa kupita. Nilimwangalia mlinzi nikimsubiri anicheke. Alikuwa na haki.

Alijikuna kichwa. Halafu akasema, "Na mimi nimetangaza hiyo duka basi nzima." Akasimama, akanishika bega. "Msingi wa nyumba. Wacha, bwana. Mwenye vitenge angeacha nini?"

Usiku ule niliipiga picha karatasi nikamtumia dada yangu. Nikamwambia arobaini ya mama iko wiki ijayo, historia itasomwa tena, na nataka isomwe hii. Aliniuliza kama najua baba mdogo atasemaje. Nikamjibu najua, na kwamba akisema lolote, amwambie ni mimi niliyeandika. Sikuwahi kumjibu mtu mzima wa ukoo wetu hivyo, hata kwa simu.

Arobaini ilifanyika nyumbani kwa baba mdogo, kwa kuwa ndiyo nyumba kubwa. Dada alinisimulia yote siku hiyo hiyo, nami nimekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya nne nimeegemea ndoo. Alisema alisoma taratibu kama nilivyomwomba. Baba mdogo aliposikia neno kokoto aliinama, na aliposikia msingi wa nyumba hakuinua uso tena mpaka mwisho wa karatasi. Wanawake wa mwambani walikuwa nyuma, kwenye masufuria, mahali walipokaa hata siku ya mazishi. Dada alipofika kwenye kidole kisicho na kucha, mmoja wao aliweka mwiko chini akaja mbele. Wenzake wakamfuata, na mikono yao ya kazi wameiacha wazi mbele ya watu. Hapakuwa na viti vya kutosha. Karatasi ilipokwisha, baba mdogo akainuka, akampisha yule wa kwanza kiti chake.