Kopo la Mwisho la Oili ya Gia

Mpaka leo siwezi kupanda gari bila kusikiliza ekseli ya nyuma. Wanangu husema nina wazimu. Mama yao hacheki, kwa sababu alikuwepo.

Wakati wa uasi meli ziliacha kupanda mto, na gereji yetu ya Kisangani ikabaki na kopo moja la oili ya gia, ile inayonuka yai viza. Gia za ekseli hukandamizana huku zikiteleza, na oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka katikati ya meno. Hii ya gia ina dawa ya salfa. Chuma kikipata moto, dawa hukishika na kukiotesha ngozi nyembamba; ikichubuka, nyingine inaota hapo hapo. Bila ngozi hiyo meno yanalana.

Kopo hilo nililimimina lote katika ekseli ya lori letu, ambalo lingempeleka mke wangu Bafwasende kwa mama yake, akajifungulie huko. Risasi zilikuwa zimefika mtaa wa pili. Nilikuwa sikai, simalizi sahani, namfokea kila mtu.

Asubuhi ya safari waasi wakaleta lori lao wakitaka oili ya ekseli ibadilishwe. Nikatia oili ya kawaida, ya injini. Nilikaza kizibo nikiwa nimenuna, lakini moyoni nacheka. Wangejuaje?

Kamanda wao akalizunguka lori letu mara mbili.

"Bon, camion yenu iko mupya kuliko yetu. Tunabadilishana."

Wakaondoka nalo. Oili nyingine haikuwepo, na kukaa mjini hatukuweza. Nikampandisha mke wangu katika lori lao.

Kila baada ya vilima viwili nilisimama, nikaingia chini, nikagusa ekseli. Iliniunguza. Nikaiacha ipoe, tukaenda tena, mlio ukazidi. Njia nzima niliwatukana waasi kwa sauti, maana niliona aibu kujitukana mwenyewe. Katikati ya msitu meno yakapasuka, lori likakwama.

Mke wangu alishuka taratibu, ameshika kiuno.

"Hii camion, nani aliitengeneza?"

Nilitaka kusema uongo, na ulikuwa tayari mdomoni.

"Ni miye."

Alinitazama, kisha akatazama mikono yangu iliyojaa oili.

"Basi nawa mikono," akasema. "Mutoto anakuja."