Albamu Isiyotaja Mtu

Kwetu Likasi, mtu akipewa wimbo mpya na rafiki yake, hausikilizi kwanza. Anatafuta jina lake. Waimbaji hutaja watu katikati ya wimbo, wafadhili, majirani, hata shemeji wa mwenye studio, na hiyo tunaiita kutupa mabanga. Asiyetajwa hurudi nyumbani amenuna.

Mimi nilikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya roki, vijana wanne wa mtaa wa Shituru, kelele nyingi kuliko ujuzi. Mwimbaji wetu alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Baba yake alipofariki alihamia kwetu miaka miwili, tukilala kitanda kimoja, na mama yangu akamhesabu kuwa mwanawe. Bendi ilipovunjika, akatoa albamu peke yake: nyimbo nane, gitaa moja na sauti yake. Aliniwekea kwenye simu kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaipitia mbio, wimbo hadi wimbo, nimetega sikio nisikie jina langu. Halikuwamo. Hakumtaja hata mfanyabiashara wa madini aliyemlipia studio, na yule bwana akamtupa. Mtangazaji wa redio naye akanuna. Mwenzetu mmoja wa ile bendi aliponiuliza nimeionaje, nilimjibu, "Haina na bantu mu ndani," yaani haina watu ndani yake. Nilijiona nimesema neno la akili. Watu wakalipenda, wakalirudia kila baa, na albamu ikafa hivyo. Miaka saba sikukanyaga kwake.

Mwaka huu malaria ilinilaza siku tatu. Simu haikuwa na salio, zilikuwamo zile nyimbo tu, na kwa uchovu nikaziacha ziende tangu mwanzo hadi mwisho. Wa tatu ulimhusu mama anayewagawia bukari, ugali wa kwetu, watoto wawili, na kila mara asiye wake anapata tonge kubwa. Wa tano ulihusu blanketi moja la watu wawili, mmoja akijifanya amelala ili mwenzake alie kwa uhuru. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Sikujua kwamba alijua. Nililia mpaka mke wangu akadhani homa imepanda kichwani. Mji huu haujatoa kazi nzuri kama ile, na mimi ndiye niliyeizika.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda kwake. Siku hizi ni mlinzi wa depo ya saruji. Mke wake, aliyemwoa mwaka juzi, akatuletea chai.

"Nilisikiliza ile albamu," nikamwambia. "Yote. Minye nilikosa sana, ndugu. Turudilie kazi, nitapiga besi."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Ile sauti ilishaisha. Kunywa chai."

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Angenitukana, ningejua pa kuanzia. Badala yake akaniuliza hali ya mama, kama bado miguu inamsumbua.

Mke wake akaweka sahani ya karanga mezani. "Kumbe bwana yangu alikuwaka naimba?"

"Mambo ya butoto," akamjibu.

Mama yule hakuridhika, akanigeukia mimi. Simu ilikuwa mfukoni, nyimbo zote nane ndani yake. Mume wake naye akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Nikachota karanga, nikasema ndiyo, yalikuwa mambo ya utoto.